Sifuri ya Shemeji

Shemeji alimpiga fundi kwanza. Fundi alikuwa ameinama mbele yake kuokota skrubu iliyomdondoka, hana habari wala wasiwasi, na alipoanza kuinuka mkono wa kulia wa Shemeji ukatoka chini ukampata kifuani. Nilisikia kishindo kama cha gunia linalotupwa kutoka kwenye lori. Mzee wa watu alirudi nyuma hatua tatu, akakalia sanduku la vifaa vyake mdomo wazi, akitafuta pumzi asiipate.

Sikumkimbilia. Nakiri mapema ili usije ukanihurumia mbele ya safari. Nilimkimbilia Shemeji, kuangalia kama mkono wake haujapinda.

Shemeji ni mwanasesere wa ndondi. Ana urefu wa mtu mzima, mwili wa sponji, ngozi ya plastiki, mikono miwili ya chuma inayosukumwa na mota, na glovu mwishoni. Kifuani ana kamera. Unavaa kofia ya kinga, unasimama mbele yake, unabonyeza kitufe, mnapigana raundi ya dakika mbili huku skrini iliyo juu ya kichwa chake ikihesabu pointi. Tulikuwa tunamtengeneza kwa ajili ya kumbi za michezo. Wazo lilikuwa la bosi, mikono na nyaya kazi ya fundi, na akili nilimpa mimi. Kwa miezi kumi na minne nilishinda naye kutwa, nikimsemesha, nikimtukana, nikimfuta vumbi, mpaka pale kazini wakaanza kusema nimepata mume. Kaka yangu aliposikia alicheka akashika mbavu. "Basi huyo ni shemeji yangu," akasema. "Siku moja nitakuja tupimane nguvu." Jina likakaa.

Fundi alipopata pumzi alimnyooshea Shemeji kidole.

"Huyu mtu wako ana kichaa."

"Hana kichaa. Wewe ndiye uliyeinama mbele yake."

"Kwani kuinama ni kosa?"

"Mbele ya bondia ni kosa," nikasema, nikacheka peke yangu.

"Nionyeshe alichokiona," akasema. "Kila kitu anachofanya si unakiandika? Nionyeshe."

Nikamfungulia kumbukumbu kwenye kompyuta, huku nimenuna. Hapa lazima nieleze kidogo kuhusu Pima, vinginevyo hutaelewa nilichomfanyia ndugu yangu wa tumbo moja.

Pima ni fanksheni, yaani kipande cha programu unachokiandika mara moja, ukakipa jina, kisha ukakiita popote unapokihitaji. Kinafanya kazi yake na kukurudishia jibu. Mimi ni mvivu wa kurudia jambo, na uvivu huo ndio nimekuwa nikiringia maisha yangu yote. Pima niliiandika miaka minne nyuma kwa ajili ya mchezo mmoja wa kwenye skrini, na tangu hapo nimetembea nayo kazi hadi kazi, kama mpishi anavyotembea na kisu chake. Unaiuliza: kichwa cha mpinzani kiko umbali gani? Inakujibu kwa sentimita. Lakini kuna wakati haioni kichwa chochote, na hapo hairudishi kitu. Si namba ndogo wala namba kubwa. Jibu halipo. Anayeiita anatakiwa aulize kwanza kama jibu lipo, ndipo alitumie.

Kuuliza kila mara kulinichosha. Mchezo ule wa zamani ulikuwa ukizimika kila jibu lilipokosekana, wachezaji wanalalamika, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nikaongeza mstari mmoja mwishoni mwa Pima: kama hakuna jibu, rudisha sifuri. Mchezo ukaacha kuzimika, nikaenda zangu kula. Kwenye skrini sifuri haikumuumiza mtu. Katuni iligusana na katuni, basi.

Kwa Shemeji, sifuri ilikuwa na maana yake. Ilimaanisha mpinzani amemkumbatia, kama mabondia waliochoka wanavyokumbatiana, na dawa ya kumbatio ni konde la kidevuni, lile linalotoka chini kwenda juu. Makonde mengine yote nilikuwa nimeyapunguza nguvu yakawa kama kofi la mtoto. Hilo moja bosi alitaka liende kwa nguvu zote za mota, kwa kuwa mtu akiwa amekuganda mwilini mkono hauna nafasi ya kushika kasi, na ukiupunguza anasikia kutekenywa tu. Tulilijaribu mara mia. Ukiwa umemkumbatia kweli, linakusukuma kidogo na kukuchekesha.

Fundi akaweka kidole chake chenye grisi kwenye skrini yangu.

"Hizi sifuri zimepangana hapa, ndipo nilipokuwa nimeinama?"

"Ndiyo. Hapo kamera haikukuona."

"Kama hakuniona, kwa nini ameandika sifuri? Si ina maana niko karibu naye kabisa?"

"Ni namna ya kuandika tu, fundi."

"Sikiliza, mama. Mimi nikigusisha kipimo kwenye waya kikanionyesha sifuri, najua umeme haupo. Kikikaa kimya bila kuonyesha kitu, najua sijui. Pengine hakijagusa. Fundi anayechukua ukimya akauita sifuri, akashika waya, huyo tunamzika."

Alikuwa anasema kweli, na nilijua anasema kweli. Ndiyo maana damu ilinichemka. Mtu asiyeweza hata kuandika barua kwenye kompyuta ananifundisha Pima yangu!

"Fundi, wewe shika nyaya zako. Akili ya mashine niachie mimi."

Akajisugua kifua. "Sawa," akasema. "Mimi ni mtu wa nyaya."

Kurekebisha kungenichukua asubuhi moja. Badala yake nilichukua kartoni, nikaandika USIINAME kwa kalamu nene, nikaibandika ukutani.

Sasa kaka yangu. Ulingoni walimwita Kambale, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumshika. Hakuwa na konde zito. Sifa yake ilikuwa kuzama: unamrushia ngumi, unaona kabisa inamfikia, ghafla kichwa hakipo, kiko chini usawa wa kiuno chako, na kabla hujajua la kufanya kimeibukia upande wa pili na yeye anakutandika mbavu. Alipigana miaka kumi na moja. Katika pambano la mwisho, kidole cha gumba cha mtu kilimchokoa jicho la kulia, pazia la ndani likachanika, likabaki linaona mwanga wa dirisha na vivuli, basi. Daktari alimwambia mbele yangu: "Limebaki moja. Hilo nalo likipigwa, hatuna cha kukusaidia." Akatundika glovu. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kukaa mlangoni akiwaangalia watu wanaopita, na mkewe aliniambia kwamba usingizini bado anarusha ngumi.

Bosi alipotangaza kwamba wenye kumbi watakuja kumwona Shemeji akifanya kazi, na kwamba anataka bondia wa kweli mbele yao, nilimtaja kaka. Nilitaka asimame ulingoni tena. Huo ndio ukweli wangu na nitakufa nao.

"Na jicho?" mkewe aliniuliza.

"Wifi, nimeliandika mimi mwenyewe lile dude. Makonde yake hayaui nzi. Atarudi nyumbani anacheka."

Wageni walikuja saa nane mchana, watu sita, wakapangwa kwenye viti vya plastiki. Bosi alikuwa amepita asubuhi akabandua kartoni yangu, akasema inatia aibu. Kaka akaingia amevaa bukta yake ya zamani, ile ya bluu yenye mstari mweupe, tumbo limetangulia kidogo, lakini miguu ilikuwa ile ile. Alirukaruka mara mbili tatu, na uso wake ukawa uso niliokuwa sijauona kwa miaka sita.

Nilipokuwa namfunga kofia ya kinga akaniuliza, kwa sauti ya kawaida ambayo kila mtu aliisikia:

"Mdogo wangu, kuna kitu nisifanye kwa huyu shemeji?"

Wageni wote waligeuka wakaniangalia. Bosi aliniangalia. Fundi, kule nyuma kwenye kebo, aliniangalia. Nilijua la kusema. Lilikuwa neno moja, na nilikuwa nimeshaliandika kwa herufi kubwa. Lakini utawaambiaje watu sita waliokuja kuona mashine yenye akili kwamba mashine hiyo haijui kuinama ni nini?

"Fanya unachotaka," nikasema.

Kengele ikalia. Nusu ya kwanza ya raundi ilikuwa raha tupu. Kaka alimchapa Shemeji ya kushoto, ya kulia, ya mbavu, plastiki inalia, pointi zinapanda, na Shemeji akamrudishia vile vikofi vyake, wageni wakicheka na kupiga makofi. Mmoja wao alisimama kwenye kiti. Kaka aliona watu wanamshangilia na moto ukampanda. Shemeji akarusha mkono wa kushoto. Kaka akazama.

Alizama kama zamani, magoti yote, kichwa usawa wa kiuno. Kwa nukta moja Shemeji alitulia, na mimi nikajua. Mdomo wangu ulifunguka. Kaka alipoibuka, konde lilikuwa linapanda kumpokea, na kati yao kulikuwa na nafasi yote ambayo mota inahitaji ili ishike kasi. Glovu ilikuwa laini kwa nje. Ndani yake kuna chuma. Ilipita chini ya ukingo wa kofia ikampata kwenye jicho la kushoto, nikasikia mfupa ukipasuka.

Alianguka magoti. Sasa alikuwa chini ya kamera, kwa hiyo Pima ilikuwa inarudisha sifuri, sifuri, sifuri, na Shemeji alikuwa anapiga konde lile lile juu chini, juu chini, akipiga hewa. Angebaki chini asingeguswa tena. Lakini skrini ilikuwa imepokea kishindo cha konde lile ikachukulia kwamba mtu ameanguka, na sauti niliyoirekodi mimi, kwa mdomo wangu, ikaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu.

Bondia akisikia hesabu huinuka. Hafikirii. Kaka aliinuka kwenye nne, damu imemjaa uso, na konde likamkuta kidevuni. Akaanguka. Nikapiga kelele, "Kaa chini! Kaka, kaa chini!" Sauti yangu iliyorekodiwa ikanizidi nguvu: tano, sita, saba. Akashika sakafu kwa mikono miwili, akainuka tena. La tatu lilimpata pale pale jichoni, na safari hii lilimnyanyua visigino. Fundi alichomoa kebo ukutani pamoja na kipande cha soketi. Shemeji akaganda mkono juu. Kaka alilala ubavu, mguu mmoja unatikisika, na meno yake mawili yalikuwa karibu na kiatu cha mgeni mmoja ambaye bado alikuwa ameshikilia viganja vyake tayari kupiga makofi.

Hospitali walimpasua usiku ule, wakatoka wakatuambia tusubiri. Wifi yangu hakunitukana. Aliketi upande wa pili wa korido, mkoba mapajani, na kila nilipomwangalia alikuwa ananitazama.

Asubuhi nilikwenda kazini kama nilivyo, na damu ya kaka kwenye mikono ya blauzi. Nilimkuta fundi amekaa kwenye sanduku lake. Nikafungua kumbukumbu. Akaja akasimama nyuma yangu. Namba zilikuwa wazi kabisa: arobaini na mbili, arobaini na mbili, arobaini, kisha sifuri, sifuri, sifuri, konde. Nilizisoma mara tano nikitafuta mahali pengine pa kuweka lawama.

Bosi akaingia, amenyoa ndevu, ananukia.

"Wawili kati yao bado wanamtaka," akasema. "Pole kwa kaka yako. Sasa sikiliza. Hizo namba zifute. Tutasema aliteleza. Kwanza ana jicho bovu, si ndiyo? Mtu mwenye jicho bovu anaingiaje ulingoni? Aliinama vibaya, amezeeka, mchezo umemshinda. Hakuna atakayeshangaa."

Nilikuwa sijawahi kumpiga mtu mzima. Nilimpiga bosi puani kwa ngumi iliyofungwa vibaya, kidole gumba ndani, nikasikia pua yake na kidole changu vikivunjika pamoja. Akarudi nyuma, akaniita jina ambalo sitalirudia, akanishika nywele, akanigongesha kichwa kwenye kifua cha Shemeji. Nikamng'ata mkono. Nilimng'ata mpaka ladha ya chumvi ikanijaa mdomoni, naye akapiga yowe akaniachia, akajikwaa kwenye kebo. Hapo nikaokota spana kubwa ya fundi. Bosi akadhani namfuata yeye, akakimbilia nyuma ya meza. Nilimpita. Nilimpiga Shemeji kamera ikapasuka, nikampiga viwiko mpaka mota zikaning'inia, nikampiga lile tumbo la sponji ambalo halisikii chochote, nikampiga, nikampiga, nikilia makamasi yananitiririka, na fundi akanishika kiunoni kwa nyuma kwa upole sana.

"Basi, mama," akasema. "Yeye hakuona kitu. Mwache."

Nilichapa zile namba zote kwenye karatasi nikaondoka nazo.

Siku ya tisa walimfungua kaka bandeji. Daktari alimwuliza anaona nini. Akasema upande wa kulia anaona mwanga wa dirisha.

"Na kushoto? Giza?"

Kaka akafikiri. "Si giza," akasema. "Hakuna."

Daktari akaandika, akatoka. Wifi akatoka nyuma yake akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Tukabaki wawili. Kaka alikuwa ameketi kitandani, uso umevimba rangi ya bilinganya, mikono mapajani.

"Bosi wako alikuja juzi," akasema. "Ana pua kubwa, nimesikia kwenye sauti. Ameniambia niliinama vibaya."

Nikaushika mkoba wangu.

"Nimekuwa nikiwaza hapa siku zote hizi. Nimejirudia lile tendo tangu mwanzo. Mdogo wangu, usinifiche. Nilichelewa? Nimezeeka kiasi hicho?"

Nilikuwa na zile karatasi kwenye mkoba. Hazikuwa na faida tena kwake, hawezi kuzisoma. Ilibidi niseme kwa mdomo.

"Hukuchelewa. Ulizama vizuri kuliko nilivyowahi kukuona. Hakukuona, kaka. Kamera ilitafuta kichwa chako ikakikosa kabisa."

"Hakuniona?"

"Kabisa. Na asipomwona mtu anatakiwa asimame asubiri. Mimi ndiye niliyeandika kwamba asipoona mtu ahesabu kuwa mtu amemkumbatia. Niliandika zamani, kwa uvivu. Fundi alinionya. Na wewe ukaniuliza mbele ya watu, nikaona aibu kukujibu."

Aligeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. Kisha midomo yake iliyopasuka ikacheka kidogo, cheko la kwanza tangu siku ile.

"Kwa hiyo nilimkwepa."

"Ulimkwepa."

Cheko likakaa usoni kidogo, halafu likaondoka.

"Basi shemeji hakunipiga."

"Hapana."

"Umenipiga wewe."

"Ndiyo, kaka."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

Akajisogeza ukingoni mwa kitanda, miguu ikagusa sakafu. Akanyoosha mkono wa kushoto mbele, vile mabondia wanavyopima umbali.

"Uko wapi?"

"Hapa. Upande wa dirisha."

Mkono wa kulia ulitoka bila kunionya. Ulipita kando ya sikio langu, nikasikia upepo wake, ukaenda ukamalizikia hewani na nusura umtoe kitandani. Akajishika kwenye chuma cha kitanda. Alikuwa anahema.

"Nimekupata?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningepiga hata kelele kidogo, nikajishika uso, naye angelala usiku ule akijua kwamba bado anaweza. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Hapana," nikasema. "Hukunigusa."

Uso ukamshuka. Sijawahi kuona mtu akisikia habari mbaya kiasi kile, hata daktari hakumpa mbaya kama hiyo.

"Sogea, basi," akasema.

Nikasogea mpaka magoti yetu yakagusana, nikaishika ngumi yake ya kulia, nikaileta kwenye taya langu ili ajue mahali, nikaiachia. Konde la pili lilinipata. Niliona nyota, nikakaa chini sakafuni, mdomo umejaa damu, naye akaniita kwa jina langu la utotoni, mara mbili, akipapasa hewani kunitafuta. Nikamshika mguu kumwonyesha nilipo. Tulilia hivyo hivyo, yeye juu, mimi chini, kwa sauti kubwa isiyo na haya, mpaka muuguzi akaja kutufokea kwamba kuna wagonjwa.